Nataka Kuwa Polisi: Njia Yake, Masharti Yake na Amana Yake



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, kila tunapowauliza wanafunzi wetu wakubwa wanataka kuwa nani, hawakosekani wawili watatu wanaosema: "Mimi nataka kuwa polisi." Wenzao hucheka. Wazazi nao wamegawanyika. Mzazi mmoja alituambia waziwazi: "Ustadh, sikumleta mwanangu hapa aje awe mla rushwa." Mwingine aliitaka sana kazi hiyo kwa kijana wake, akauza magunia ya mahindi ya msimu mzima ili ampe mtu aliyejidai kuwa na njia ya mkato. Mahindi yalikwenda, mtu yule naye akazima simu.

Tumeona wazazi hawa wawili wana tatizo moja: hawaijui kazi yenyewe. Basi mwaka huu tumeamua kuieleza, in shaa Allah.

JE, KAZI HII INAMFAA MUISLAMU?

Kulinda roho za watu, mali zao na heshima zao ni jambo kubwa katika dini yetu. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) akiwa Khalifa alikuwa akizunguka Madina usiku, watu wamelala, akiangalia nani ana njaa na nani anadhulumiwa. Kazi ya ulinzi wa usiku ilijulikana tangu enzi hizo. Haramu ni dhulma na rushwa, nazo ni haramu kwa polisi kama zilivyo haramu kwa mfanyabiashara, hakimu na mwalimu.

Tena tujiulize: wacha Mungu wote wakiikimbia kazi hii, itabaki mikononi mwa nani? Na siku mtoto wetu akipatwa na mkosi usiku wa manane, tutataka kumkuta nani kaunta?

JESHI LENYEWE

Jeshi la Polisi Tanzania lilianzishwa rasmi na serikali ya Waingereza mwaka 1919, nchi ikiitwa Tanganyika. Leo ni jeshi la Muungano, linahudumu Bara na Zanzibar, na linaongozwa na Inspekta Jenerali wa Polisi, yaani IGP. Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho ni Elangwa Shaidi, mwaka 1964. Baada yake wamekuja watu wa dini mbalimbali, wakiwemo Hamza Aziz (1970–1973), Omari Mahita (1996–2006) na Said Mwema (2006–2013). Kwa hiyo asidanganywe mtu kwamba jina lake litamzuia.

Vyeo huanzia chini. Askari mpya ni konstebo, kisha koplo, sajenti, stafu sajenti na sajini meja. Juu yao wako wakaguzi, halafu warakibu, halafu makamishna wa ngazi mbalimbali. Ndani ya jeshi mna upelelezi, usalama barabarani, kutuliza ghasia, polisi wanamaji, mbwa na farasi, maabara na tehama. Kwa hiyo aliyesoma sayansi naye ana nafasi.

MASHARTI YA KUJIUNGA

Nafasi hutangazwa na Jeshi lenyewe, na maombi ya siku hizi hutumwa kwa njia ya mtandao kupitia tovuti ya ajira ya Polisi. Kila tangazo lina masharti yake, hivyo lisomwe lote. Lakini matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakirudia mambo haya:

1. Awe raia wa Tanzania wa kuzaliwa, mwenye cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA.

2. Awe na miaka 18 hadi 25 kwa anayeomba kwa cheti cha kidato cha nne au cha sita. Wenye shahada hukubaliwa hadi miaka 30.

3. Awe amefaulu. Mwenye daraja la nne la kidato cha nne hutakiwa asizidi pointi 28.

4. Urefu usipungue futi 5 na inchi 8 kwa mvulana, na futi 5 na inchi 4 kwa msichana.

5. Awe na afya njema ya mwili na akili, asiwe na michoro mwilini, wala asiwe ametumia dawa za kulevya.

6. Asiwe ameoa au kuolewa, wala asiwe na mtoto.

7. Asiwe na kumbukumbu ya uhalifu, na awe tayari kufanya kazi popote nchini.

Wazazi, tafadhalini yatazameni mambo mawili hapo. La kwanza ni majina. Tuna watoto wanaoitwa Jumaa kwenye cheti cha kuzaliwa, Juma shuleni, na jina la babu limeandikwa kwa namna tatu katika karatasi tatu. Siku ya usaili hilo ni tatizo. Litengenezwe sasa, mtoto akiwa angali darasani. La pili ni binti. Mwenye ndoto hii akiozwa mara tu amalizapo kidato cha nne, mlango huo umefungwa. Tunawaomba muwasikilize kwanza mabinti zenu.

Aliyechujwa na kuitwa huenda kwenye usaili. Hukaguliwa vyeti, hupimwa urefu na afya, huulizwa maswali. Akipita, huenda mafunzo ya awali katika Shule ya Polisi Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Huko kuruta huamshwa alfajiri, hukimbia, hupiga gwaride, husoma sheria, hujifunza silaha, upelelezi na huduma ya kwanza. Mtoto aliyekulia Ufipa, kwenye mita zaidi ya 1,700 juu ya usawa wa bahari, akizoea kupanda vilima vya Mbizi na kuamka na baridi ya mwezi wa saba, amekwisha anza mazoezi bila kujua. Na aliyezoea kuamka kwa Swala ya Alfajiri hatashtuka kengele ikilia.

NJIA YA MKATO

Hapa tuseme wazi. Nafasi ya polisi haiuzwi. Anayekuomba fedha ili "akupitishe" ama ni tapeli, ama ni mla rushwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani mtoaji na mpokeaji, na Mtume (S.A.W.) amewalaani wote wawili. Na aliyenunua kazi atataka kurudisha fedha yake. Atairudisha kwa nani kama si kwa mwenye bodaboda na mama muuza dagaa?

KAZI ILIVYO HAPA KWETU

Mkoa wetu wa Rukwa una mambo yake. Upande mmoja ni Ziwa Tanganyika na bandari kama Kasanga na Kirando, ng'ambo ni Kongo. Kusini ni mpaka wa Zambia. Huko Bonde la Ziwa Rukwa wakulima na wafugaji hugombania ardhi na maji. Polisi wa huku husafiri mbali kwenye mvua na matope, na wakati mwingine silaha yake kubwa ni ulimi wa kusuluhisha.

Kuna na jeraha la ushirikina. Watu husema jina Sumbawanga kwa Kifipa maana yake ni kutupa uchawi. Hata hivyo, katika miaka ya 2000 na 2010 mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa iliyotajwa kwa mashambulizi dhidi ya ndugu zetu wenye ualbino, na vikongwe wamedhuriwa kwa kuitwa wachawi. Kesi hizi hazishindwi kwa bunduki. Zinataka askari ambaye wananchi wanamwamini kiasi cha kumnong'oneza wanachokijua. Ndiyo sababu toka mwaka 2006 Jeshi lilianza kusisitiza Polisi Jamii. Baadaye yakaja Madawati ya Jinsia na Watoto, ambako mama au mtoto aliyedhulumiwa husikilizwa faraghani. Mabinti zetu wanahitajika sana huko, kwani yako mambo mwanamke hatamwambia mwanamume.

MTIHANI WA AMANA

Kazi hii ina hatari. Julai 2015 kituo cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa na askari wanne wakauawa. Familia ijue hilo kabla ya kupiga vigelegele.

Lakini iko hatari nyingine, ya kupotea wewe mwenyewe. Septemba 2012 mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kijijini Nyololo, mkoani Iringa, polisi wakitawanya mkutano wa kisiasa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15. Nyumba mbili zililia: ya marehemu, na ya yule aliyevaa sare.

Sheria haimruhusu polisi kufanya atakavyo. Katiba yetu, ibara ya 13, inasema mtuhumiwa asitendewe kama mkosaji mpaka athibitike, na inakataza kumtesa mtu. Ibara ya 147 inamkataza polisi kujiunga na chama cha siasa, ingawa ana haki ya kupiga kura. Nasi tuna la ziada. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa zetu. Na Mtume (S.A.W.) alipoletewa na mkusanya zaka mali aliyodai amepewa zawadi, aliuliza kama angekaa nyumbani kwa wazazi wake zawadi hiyo ingemfuata. Askari wa barabarani, kati ya Laela na Sumbawanga mjini, ajiulize swali hilo kila anaponyooshewa noti.

ANZA LEO

Mwanafunzi, polisi mwema haanzi Moshi. Anaanza hapa. Soma Kiswahili na Kiingereza uweze kuandika maelezo yanayoeleweka. Fanya mazoezi. Epuka bangi na marafiki wabaya. Ukikabidhiwa fedha ya mchango wa darasa, ifikishe yote. Ukimwona mkubwa anamwonea mdogo, simama katikati. Ukisikia habari, ichunguze kabla ya kuisambaza, kama ilivyoamrishwa katika Suratul Hujurat.

Katika Suratul Qasas, binti mmoja alimsifu Nabii Musa (A.S.) mbele ya baba yake kwamba mtu bora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Jeshi litakupima nguvu na urefu kwa futi na inchi. Uaminifu hauna futi ya kuupimia. Huo utakwenda nao mwenyewe kutoka nyumbani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awalinde wanaotulinda, na awajaalie vijana wetu wawe watu wa haki popote watakapokuwa. Aamin.

Wabillahi tawfiq.