Reli Ndogo ya Mezani na Viungo vya Mabehewa Yake

Mtu anaposhikwa na uraibu wa kujenga reli ndogo ya mezani, moyo wake huelekea kwanza kwa injini, wala si ajabu, kwa kuwa injini ndiyo ipambayo kabati la dukani na ndiyo wauzaji waitajayo kwa sifa. Baada ya injini huja mabehewa, kisha reli zenyewe, kisha milima na nyumba, na mwisho kabisa, fedha zikiwa zimepungua na mbao zimekwisha kupigiliwa, ndipo hukumbukwa kile kidude kilishikacho behewa moja kwa jingine. Rai yangu, ambayo nitajitahidi kuitolea hoja katika makala haya, ni kwamba utaratibu huo uko kinyume, na kwamba kiungo cha mabehewa, ijapokuwa hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho, ndicho kistahilicho kuamuliwa kabla ya kununua chochote, maadamu ukali wa kona, uzito wa mabehewa, kiasi cha mteremko na hata furaha ya kuiendesha reli hiyo baada ya kukamilika vyote hutegemea namna kiungo hicho kishikavyo na namna kiachiavyo.

Lakini hatuwezi kunena juu ya viungo kabla ya kufahamiana juu ya vipimo. Daraja iliyoenea zaidi duniani ni ile iitwayo HO, ambamo kila kitu hufanywa sehemu moja ya themanini na saba ya kitu chenyewe, na reli mbili huachana kwa milimita 16.5, kipimo kinachowakilisha upana wa milimita 1,435 ulio kaida katika Ulaya na Marekani. Waingereza, kwa kuwa injini zao za kweli ni nyembamba na mota za zamani hazikuingia ndani ya mifano yake, walikuza mwili hadi 1:76 na kuuacha juu ya reli ile ile ya milimita 16.5, wakaiita OO. Wenye macho makali huona kwamba reli yao ni nyembamba kuliko ipasavyo, walakini desturi imekwisha kushika mizizi. Kwa mwenye chumba kidogo iko N, yenye reli ya milimita 9 na uwiano wa 1:160, au 1:148 kwa Waingereza.

Msomaji wa Kenya au Tanzania atauliza kwa haki: na reli zetu je? Ile reli kongwe iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ziwani Kisumu mwaka 1901, ina upana wa mita moja, na mita moja ikigawanywa kwa 87 hutoa milimita 11.5; reli ya TAZARA, yenye upana wa milimita 1,067, hutoa milimita 12.3. Hivyo reli ya milimita 12, ambayo huuzwa ikiwa tayari kwa sababu Uswisi imejaa njia za mita moja na watu wengi wa Ulaya hupenda kuziiga, hufaa kwa zote mbili, na tofauti iliyobaki haionekani kwa jicho. Mjenzi wa namna hiyo hana budi kujiandaa kuyaunda mabehewa yake kwa mkono juu ya vigari vya magurudumu vya kununua, kazi ambayo si ngumu kwa behewa la mizigo lililo kama sanduku. Wala asianze na injini ya mvuke ya aina ya Garratt. Najua tamaa hiyo, kwa kuwa zile injini 34 za daraja la 59 zilizotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester kuanzia mwaka 1955 na kupewa majina ya milima yetu zilikuwa fahari ya Afrika Mashariki, na mojawapo, Mount Gelai, ingali ikitazamwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Ila katika uwiano wa 1:87 mnyama huyo huzidi sentimeta 35, na meza ndogo haimtoshi.

Sasa na tuje kwenye viungo. Katika reli za kweli, Wamarekani wa karne ya kumi na tisa waliunganisha mabehewa kwa pete ya chuma na pini, na mfanyakazi alilazimika kusimama baina ya mabehewa mawili yanayokaribiana ili aitumbukize pini kwa mkono wake, kazi iliyowapotezea watu wengi vidole, na wengine uhai. Mwaka 1873 Eli Janney alipata hataza ya kiungo chenye umbo la vidole vilivyokunjwa, ambacho hushikana chenyewe mabehewa yagusanapo, na mwaka 1893 sheria ya Marekani ikayafaradhisha makampuni ya reli kutumia viungo vya kujishika. Ulaya ilibaki na mnyororo wa skrubu ukaao baina ya vizuizi viwili vya kugongana. Asili hizi mbili ndizo zilizozaa tofauti tunazoziona katika vitu vya mezani.

Wafuatao Ulaya hupewa kwa kawaida kulabu pana, au kitanzi kinachopanda na kuanguka juu ya kulabu ya jirani. Waingereza wanayo kulabu yao ya bapa, ambayo kampuni ya Tri-ang iliieneza tangu miaka ya 1950, na ambayo husukuma vizuri hata katika kona kali mno, kwa kuwa mabehewa husukumana kwa upau mpana wala si kwa ncha. Aibu yake ni sura, maana hakuna behewa la kweli lenye kitu kama hicho. Katika daraja ya N, kiungo cha Arnold wa Nürnberg, kiitwacho Rapido, kilikubaliwa na watengenezaji wengine karibu wote, jambo lililokuwa neema kwa wanunuzi, ijapokuwa nacho pia ni kikubwa kupita kiasi. Watengenezaji wa Ulaya siku hizi hutia chini ya behewa kimfuko cha kuchomekea kilichowekewa kanuni ya NEM 362, ili mwenye behewa aweze kung'oa kiungo kimoja na kuchomeka kingine bila bisibisi. Na nashauri kwa mkazo kwamba anunuaye behewa jipya la HO aligeuze kwanza atazame kama kimfuko hicho kipo, kabla hajaitazama rangi yake.

Hata hivyo, kiungo ninachokitukuza kuliko vyote kwa wanaotaka kupanga na kupangua mabehewa ni kile cha Kadee, kilichobuniwa na ndugu wawili wa Oregon, Keith na Dale Edwards, baada ya Vita Kuu ya Pili. Umbo lake ni la Janney: kidole kinachofunguka na kufunga, kikirudishwa na springi nyembamba kama unywele. Chini yake huning'inia waya wa chuma uliopindwa mithili ya mpira wa breki, na waya huo ndio siri ya kazi yote. Baina ya reli, mahali palipochaguliwa, hufichwa sumaku. Mabehewa yakisimama juu yake na kulegea kidogo, sumaku huzivuta nyaya mbili kila moja upande wake, vidole vikafunguka, na injini ikirudi nyuma kidogo mabehewa yakaachana. Uzuri zaidi ni kwamba, vikiwa bado vimevutwa kando, viungo hivyo havishikani tena hata injini ikisukuma, hata behewa laweza kupelekwa mbali na sumaku, likaachwa popote atakapo mwendeshaji, bila mkono wa mtu kuligusa. Mwenye kutumia sumaku achunguze mihimili ya magurudumu yake, kwa sababu mihimili ya chuma huvutwa vilevile, na behewa jepesi hujiendea lenyewe. Na urefu wa kiungo kutoka juu ya reli, ambao katika HO ni takriban milimita 10, uwe mmoja kwa mabehewa yote. Tofauti ya milimita moja yatosha kuivunja treni mahali reli inapoanza kupanda.

Palipo na mabehewa mengi ya zamani yenye viungo vya namna nyingine, hakuna haja ya kuyatupa wala kuyabadili yote siku moja. Litengwe behewa moja, lifungwe kiungo cha kale upande huu na kipya upande ule, nalo likae baina ya makundi mawili.

Jambo ambalo wengi hulipita ni mahali kiungo kinapofungwa. Kikifungwa kwenye kigari cha magurudumu, hugeuka pamoja na magurudumu, hivyo treni hupita kona kali bila taabu inapovutwa. Lakini inaposukumwa, nguvu yote huingia kwenye kigari, ikakipinda kando na kuliangusha gurudumu nje ya reli. Kikifungwa kwenye mwili wa behewa, msukumo huenda mwilini na treni ndefu hurudi nyuma kwa utulivu, ila kona lazima iwe pana. Hesabu yake ni rahisi. Chukua behewa la abiria la sentimeta 26, ambalo vituo vya vigari vyake vimeachana kwa sentimeta 20, uliweke kwenye kona yenye nusu kipenyo cha sentimeta 45. Uzidishe urefu wa behewa kwa wenyewe upate 676, toa 400 ambayo ni 20 mara 20, kisha baki ya 276 uigawanye kwa mara nane ya nusu kipenyo, yaani 360: ncha ya behewa, pamoja na kiungo chake, imetoka nje ya mstari wa katikati ya reli kwa sentimeta 0.77. Behewa la mizigo la sentimeta 12, lenye vituo vilivyoachana kwa sentimeta 8, kwa hesabu ile ile hutoka sentimeta 0.22 tu. Viungo vyao basi vimepishana kwa zaidi ya nusu sentimeta, navyo vitavutana hadi behewa moja lianguke. Kwa sababu hiyo wajenzi wazoefu hushika kanuni kwamba nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya urefu wa behewa refu kuliko yote, na kwamba baina ya kona ya kulia na kona ya kushoto pawe na kipande kilichonyooka chenye urefu wa behewa hilo. Asiye na nafasi ya kona pana na achague mabehewa mafupi. Hilo ni heri kuliko kuyalazimisha marefu.

Uzito nao una kaida yake. Chama cha wenye uraibu huu cha Marekani, NMRA, kilichoanzishwa mwaka 1935, kimeweka kwamba behewa la HO liwe na gramu 28 kama msingi, kisha gramu 14 kwa kila sentimeta 2.54 za urefu. Behewa la sentimeta 14 basi litimize gramu 105 hivi. Behewa jepesi likitangulia mbele ya mazito, huvutwa ndani ya kona likapinduka. Uzito uongezwe chini kabisa, karibu na magurudumu. Na katika kufunga vigari, kimoja kikazwe kisitikisike kulia na kushoto, cha pili kiachwe na ulegevu kidogo, ili behewa lisimame kama lenye miguu mitatu hata reli ikiwa haikulala sawasawa.

Juu ya milima nitasema machache, kwa kuwa wanaoanza huiota mno. Ili treni ya HO ipite chini ya nyingine, reli ya juu haina budi kuinuliwa yapata sentimeta 9 pamoja na unene wa daraja, na kwa mteremko wa 2 kwa 100 hilo hudai mita nne na nusu za njia. Kujizungusha na kujipita juu, kama ifanyavyo reli kongwe pale Mazeras, ni kazi ya mwenye ukumbi.

Kwa mwenye meza tu, napendekeza bila kusita mpango uitwao Inglenook, uliovumbuliwa na Mwingereza Alan Wright. Una pointi mbili za kugawanyia njia, na njia tatu za kuegeshea: moja ya mabehewa matano na mbili za matatu matatu, pamoja na kipande cha mbele kinachotosha injini na mabehewa matatu. Mabehewa ni manane. Matano huchaguliwa kwa kura, nayo ni lazima yapangwe kwa mfuatano wa kura katika njia ndefu. Mifuatano iwezekanayo ni 8 mara 7 mara 6 mara 5 mara 4, yaani 6,720, na mpango mzima hukaa juu ya ubao wa mita moja na robo ikiwa mabehewa ni yale mafupi ya Kiingereza yenye magurudumu manne. Hapa ndipo ithibati ya hoja yangu ilipo, kwa sababu katika mchezo huo injini haiendi popote na mandhari ni ghala moja na ukuta. Kazi yote ni kushika na kuachia, na kiungo kikiwa kibovu mchezo umekufa. Sumaku tatu, moja katika kila mlango wa njia ya kuegeshea, zatosha.

Kabla ya kunatisha kokoto, treni ya mabehewa matano isukumwe kinyumenyume polepole kupita kila pointi, zito na jepesi yakibadilishana nafasi, na kila lianguapo lipimwe urefu wa kiungo chake kwanza, kisha umbali baina ya magurudumu yake, kisha uzito. Na ncha ya njia ya mbele ifikishwe hadi ukingoni mwa ubao, ikiwa imenyooka walau kwa urefu wa behewa moja, ili siku nafasi ipatikanapo ubao wa pili uungwe hapo bila kung'oa chochote.