Muhuri Haulipi Deni la Bodi

"Wakili, nikishapata muhuri, deni la Bodi nitalimaliza kwa muda gani?"

Mwezi huu swali hili nimeulizwa na vijana watatu. Wote wana shahada ya sheria, wote wanadaiwa na Bodi ya Mikopo, wote wanajiandaa kwenda Law School. Hakuna aliyeniambia anataka kufanya kazi gani baada ya kuapishwa. Kwao kazi ni muhuri. Nimechoka kulijibu mlangoni mwa mahakama, faili likiwa kwapani, kwa hiyo nalijibu hapa. Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina bodi yake ya mikopo na utaratibu wake wa mawakili.

Imani yenyewe ni hii. Wakili ni kamishna wa viapo. Kila siku watu wanahitaji hati za viapo na nakala za vyeti zilizothibitishwa. Basi ukiwa na meza, kiti na muhuri jirani na mahakama au kituo cha mabasi, hela itakufuata, deni litaisha na kiwanja utanunua.

Tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano, kila mtu aweke za mtaa wake. Tuseme unapata wateja 5 kwa siku, kila mmoja analipa shilingi 5,000. Hiyo ni 25,000 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi unapata 550,000. Toa pango 200,000. Toa 200,000 za karani, maana siku uliyo mahakamani lazima mtu awepo ofisini. Toa 80,000 za umeme, wino, karatasi na intaneti. Unabaki na 70,000, na hapo hujala wala hujapanda daladala. Hujalipia cheti cha uwakili kinachohuishwa kila mwaka, wala michango ya Chama cha Wanasheria Tanganyika, wala mafunzo endelevu yanayodaiwa kabla ya kuhuisha. TRA nayo haijabisha hodi, na Sheria ya VAT ya 2014 iliwaweka mawakili miongoni mwa watoa huduma za kitaalamu wanaosajiliwa bila kujali mauzo ni makubwa au madogo.

Sasa mlete mdai wako mezani. Mabadiliko ya sheria ya Bodi ya 2016 yanamtaka mnufaika aliyejiajiri alipe asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi, au kiasi kisichopungua 100,000 kwa mwezi. Umebaki na 70,000, Bodi inadai 100,000. Ndiyo hesabu ya muhuri.

Najua mtakachosema: ongeza wateja. Watatoka wapi? Mahakimu nao wanaapisha viapo. Namba za uwakili zimevuka 10,000, na kila sherehe ya kuapishwa inaongeza wenye muhuri kama wako. Wateja wa viapo hawaongezeki kwa kasi hiyo, kwa hiyo kinachoshuka ni bei. Anayegonga kwa 5,000 leo, jirani yake atagonga kwa 2,000 kesho.

Hapo ndipo maradhi yanapoanza. Bei ikishuka, wakili anatafuta wingi. Anaacha muhuri kwa karani au anaukodisha kwenye duka la steshenari. Anasaini karatasi tupu Ijumaa ili zitumike wiki nzima. Sura ya 12 ya sheria zetu inamtaka kamishna wa viapo aandike jina lake na aeleze kwa ukweli kiapo kimeapwa mahali gani na tarehe gani. Anayeapa lazima awe mbele yako. Kiapo kilichogongwa na karani wewe ukiwa Morogoro ni uongo uliouwekea jina lako. Kesi ya mteja inaweza kutupwa kwa kasoro hiyo, nawe ukaitwa mbele ya Kamati ya Mawakili. Umetafuta njia ya kulipa deni, ukapoteza leseni, na deni bado lipo.

Mawakili mnaowaona wamesimama vizuri hawaishi kwa muhuri. Wanaishi kwa kesi, mikataba, mirathi, ardhi, kodi na kampuni zinazowalipa kila mwezi. Muhuri ni kifaa cha kazi, kama jembe. Jembe bila shamba halivuni kitu.

Upande wa pili wa swali pia umekaa vibaya. Mnaliogopa deni kwa sababu za zamani. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa ikafutwa mwaka huohuo. Deni la leo halivimbi usiku ukiwa umelala. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Anayedaiwa milioni 12 na kulipwa mshahara wa msingi wa 900,000 anakatwa 135,000 kwa mwezi, na atamaliza kwa takriban miaka saba na nusu. Inauma, lakini inajulikana mwanzo na mwisho wake. Kinachokula vijana wengi ni muda wa kukaa bila kipato wakisubiri muhuri uwaokoe.

Na Law School yenyewe si hakika. Oktoba 2022 nchi nzima iliona matokeo: wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26, waliopata sapu 342, waliodisko 265. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Aliyekopa kwa ajili ya mafunzo yale akadisko, mkopo haukudisko naye.

Njia zipo, nazitaja haraka. Unataka uhakimu au uwakili wa serikali? Nenda Law School, huko cheti chake ni sharti. Unataka kusimama mahakamani? Nenda, lakini kwanza tafuta ofisi itakayokupokea, hata kwa posho ndogo, na usiogope mikoani: tangu 2021 mawakili wanaruhusiwa mahakama za mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi, na Kiswahili ni lugha ya mahakama, huko kuna kazi. Unapenda benki, bima, rasilimali watu, manunuzi, usajili wa kampuni? Anza na shahada uliyonayo, kusanya uzoefu, Law School itakusubiri. Unapenda jamii? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na mashirika yanaajiri. Huna kazi kabisa? Usijifiche. Nenda Bodi, hakiki deni lako, chukua namba ya malipo, weka kidogo kidogo. Una kazi sasa hivi? Usiiache mpaka uwe na akiba ya kodi ya nyumba na chakula kwa kipindi chote cha Law School, mafunzo ya vitendo yakiwemo.

Kabla hujajaza fomu, chukua karatasi uandike mambo mawili: kazi gani hasa unaitaka, na nani atakulipa kuifanya. Ukiweza kujibu yote mawili, nenda Law School na deni lako, utalilipa. Ukishindwa, tafuta kazi kwanza.