Nyaya Mbili Nyuma ya Dashibodi

Ndege ndogo inapopita juu ya Katanika ikielekea uwanja wa Kalemie, aliye chini husikia mngurumo tu. Ndani, rubani ameukazia macho mshale kwenye kiwambo: ukiwa kati, yuko njiani; ukisogea, ameiacha njia. Mshale huo haujui lolote wenyewe. Huambiwa na kifaa cha GPS kilichofungwa pembeni, na habari hupita kwenye nyaya.

Ndege za zamani zilitumia umeme mtupu: milivolti 150 zilitosha kuusukuma mshale hadi ukingoni. Siku hizi zinapita tarakimu, mara nyingi kwa mfumo wa ARINC 429. Ni nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja na kuvikwa wavu wa metali ili redio zisiziingilie. Anayesema ni mmoja, wanaosikiliza hadi 20. Kila neno lina biti 32, na nane za mwanzo ni jina lake: hii ni kasi, hii latitudo, huu umbali kutoka njiani. Mazungumzo huenda upande mmoja tu. Rubani akizungusha kitufe cha kiwambo kuchagua njia, chaguo lake linahitaji jozi nyingine ya kurudi kwenye GPS, na fundi mwenye haraka huisahau.

Pia kuna kasi mbili za kutuma, biti takribani 12,500 au 100,000 kwa sekunde. Kifaa kimoja kikipangiwa ya chini na kingine ya juu, nyaya ni nzima lakini havielewani, na kiwambo huchora X nyekundu. Hiyo siiogopi sana, rubani anaiona.

Naogopa mshale unaocheza vizuri huku rubani akiusoma vingine. Kutoka Kigoma hadi Kalemie ni takribani kilomita 125, sehemu kubwa ni maji. Katikati ya safari, kwa vifaa vingi vya sasa, mshale ukigusa ukingo umetoka njiani maili 2 za baharini, yaani kilomita 3.7. Ukikaribia kutua, ukingo uleule ni mita 556. Kiwambo lazima kiandike wazi kinatumia kipimo kipi.

Tena EGNOS, mfumo wa Ulaya wa kusahihisha GPS, haufiki kwetu. Kwa hiyo kifaa hujikagua chenyewe: setilaiti 4 zinakuonyesha ulipo, ya 5 inafichua kwamba mojawapo inadanganya. Onyo hilo nalo hupita kwenye nyaya zilezile.

Mwenye ndege, usipokee kazi kwa kuona kiwambo kimewaka. Mwambie fundi aigize safari ndege ikiwa chini, asogeze njia kulia na kushoto, nawe utazame mshale unakwenda wapi. Kisha azime GPS. Kiwambo kisipoonya, ndege isiruke.