Kopo Tupu si Tupu

Barabara itokayo Segera kwenda Same hupita Mkumbara, chini ya milima ya Usambara, karibu na reli ya Tanga. Zamani za Wajerumani palikuwapo waya wa kushushia mbao kutoka Shume hadi stesheni ya hapa. Leo mizigo ipitayo ni mingine, na mmojawapo ni mitungi ya gesi. Mtungi huo umekwisha kuingia katika nyumba za vibarua, nasi twaukaribisha, kwa kuwa moshi wa kuni umewaharibu mama zetu macho na vifua. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, wataka asilimia 80 ya wananchi watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Ni shabaha njema. Lakini mara nyingi mtungi umefika kabla ya mafundisho yake.

Gesi hiyo ni propeni na buteni zilizoshindiliwa hata zikawa maji. Lita moja ikivuja huwa mvuke wa lita zipatazo 250. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini kama moshi, bali hutambaa sakafuni, ukajikusanya mvunguni ukingoja njiti ya kiberiti. Ukifikia asilimia 2 tu ya hewa chumbani, waweza kuwaka. Kwa asili hauna harufu. Ule uvundo tuusikiao umetiwa makusudi ili pua zituonye. Auonaye asiwashe taa wala asiizime. Afunge koki, afungue milango, atoke nje. Na yule mpangaji wa chumba kimoja alalaye na mtungi kando ya kitanda tusimcheke, maana hana pengine pa kuuweka. Ila kila usiku afunge koki ya mtungi wenyewe, si ya jiko peke yake.

Jirani zetu wa Nairobi wameyaona haya kwa machozi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, gari lililojaa gesi lililipuka katikati ya makazi ya watu. Kulipokucha, waliojeruhiwa walihesabiwa kuwa zaidi ya 270, na waliokufa walikuwa 3, idadi iliyoongezeka baadaye. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilieleza kuwa maombi ya kujenga ghala la gesi mahali pale yalikuwa yamekataliwa mwaka 2023. Gesi ilijazwa vivyo hivyo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kopo la dawa ya mbu mara nyingi husukumwa na gesi hiyo hiyo ya jikoni. Zamani makopo yalitumia gesi nyingine, nayo ikagunduliwa kuwa yala tabaka la ozoni. Baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987 watengenezaji wengi wakahamia propeni na buteni. Kwa hiyo apulizaye dawa karibu na jiko linalowaka apuliza moto. Na kopo likiisha dawa, gesi husalia ndani. Tulipokuwa wanafunzi tulitupa moja katika takataka zinazoungua. Likaruka juu ya paa la bweni kwa kishindo, na mwenzetu mmoja akabaki na kovu shavuni. Tulikuwa tumelitikisa kwanza, tukasema ni tupu.

Mwenye pumu dawa hiyo humbana kifua, basi apishe kwanza chumba kipate hewa. Vijana wavutao gesi ya makopo ili walewe wajue kuwa moyo waweza kusimama papo hapo, hata kwa mara ya kwanza.

Imebaki karakana. Fundi ajipanguzaye vumbi kwa mpira wa kompresa hucheza na kifo: hewa ile yaweza kupenya kidonda ikaingia katika damu, au kumtoboa jicho. Mchomeleaji vyuma asiguse koki ya oksijeni kwa mikono yenye grisi, kwani grisi ikikutana na oksijeni iliyoshindiliwa hulipuka bila kiberiti. Sheria Na. 5 ya 2003 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga na kuvitunza. Wajumbe wa matawi wapitapo karakana za barabarani waulize miwani ile iko wapi, na je, ni ya fundi au ni ya kuonyeshwa wakaguzi.