Friji linalotembea: umeme wa gari unatosha kutoka Mtwara mpaka Tandahimba?

Msimu wa korosho ukikaribia vijana wengi hapa Tandahimba vichwa vinachemka. Hela itakuwepo mtaani, watu watataka samaki wabichi, soda ya baridi, juisi. Mtaji wa wengi ni kirikuu ya kukodi au guta, na siku hizi kuna vifriji vidogo vya kuchomeka kwenye gari, vya mtumba na vipya, halafu kuna inveta za bei chee. Kwa hiyo swali ninaloulizwa kila nikikaa cafe ni hili: naweza kutoka Mtwara na samaki, friji likawa linafanya kazi njiani kwa umeme wa gari, nikafika huku mzigo mzima?

Jibu langu: inawezekana, ila umeme wa gari ni wa kulinda baridi iliyopo. Kutengeneza baridi upya ni kazi nyingine kabisa, nzito, na hiyo ifanyike kabla hujaondoka, kwa umeme wa ukutani au kwa muuza barafu. Ukishika hapo, mengine yote ni hesabu za fizikia ya form two.

Tuanze na barafu maana watu wanaidharau. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inanyonya joto la kama wati-saa 93 (wati-saa ni wati moja kwa muda wa saa moja). Kilo 10 ni wati-saa 930. Sasa chukua betri ya gari ya kawaida, volti 12, ampea-saa 60. Ukizidisha unapata wati-saa 720, lakini betri hizi za risasi na asidi ukizinyonya kupita nusu unaziua, kwa hiyo ya kutumia ni 360 hivi. Ndiyo kusema mfuko wa barafu wa kilo 10 una nguvu ya kupoza ambayo betri yako nzima itahangaika kuifikia, na mfuko haukatai kuwasha gari asubuhi.

Mfano mwingine, kreti moja ya soda, chupa 24 za mililita 300. Kuzishusha kutoka joto la nyuzi 30 mpaka 5, ukihesabu soda yenyewe na vioo vyake, unatakiwa kuondoa joto la kama wati-saa 260. Kifriji kidogo cha gari cha wati 50 kitahangaika saa nne au zaidi kwa kreti moja tu, na huko nje jua linapiga. Barafu kilo tatu inamaliza kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu anayepakia soda za moto kwenye friji la gari akitegemea zitapoa njiani anajidanganya mwenyewe. Zilaze usiku kucha kwenye friza la nyumbani, ndipo uzihamishe.

Sasa vifriji vyenyewe. Viko vya aina tatu na ukiviangalia kwa nje vinafanana, hapo ndipo watu wanapigwa.

Cha kwanza ni kile chepesi, cha plastiki, kina feni ndogo na hakina mlio wa kompresa. Hiki kinatumia kijibamba cha umeme kinachopoa upande mmoja na kupata moto upande wa pili, jambo lililogunduliwa na Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834. Bei yake poa. Shida ni kwamba kinakula ampea 4 mpaka 5 bila kupumzika, na kinaweza kushusha joto kama nyuzi 20 tu chini ya joto la nje. Ndani ya kirikuu kukiwa na nyuzi 35, samaki wako wapo kwenye 15. Hiyo sio baridi, hicho ni kivuli. Kwa maji ya kunywa ya dereva sawa, kwa samaki hapana.

Cha pili kina kompresa ndogo ya volti 12, kama friji la nyumbani lililopunguzwa. Kizito, ghali, lakini ndicho chenyewe. Kikiwa kinanguruma kinakula kama ampea 4 au 5, kikishapoa kinajizima, kinawaka tena. Kwa wastani, kikiwa kimejazwa vitu vilivyokwisha kupoa, unaweza kuhesabu ampea mbili na nusu kwa saa. Kinaweza kugandisha kabisa, na vingi vina kinga ya kujizima betri ikishuka.

Cha tatu ni kile cha gesi, hakina kompresa, kinatumia moto kupoza. Ndiyo, moto. Wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, walikibuni mwaka 1922 na kampuni ya Electrolux ikakichukua. Wazee watakumbuka yale mafriji ya mafuta ya taa yaliyokuwa zahanati, kanuni ni hiyo hiyo. Watalii wanaovuta tela za kulala wanavipenda hivi kwa sababu vinakubali gesi, umeme wa nyumbani na umeme wa gari. Tangu Daraja la Umoja pale Mtambaswala lifunguliwe mwaka 2010, magari ya namna hiyo yamewahi kupita Masasi yakitoka au kwenda Msumbiji, na wengine mliyaona. Basi jueni siri yao: wakiwa kwenye mwendo wanatumia umeme wa gari, wakipaki wanahamia gesi. Kwa umeme wa gari friji hilo linakula ampea 10 na zaidi mfululizo, injini ikizimwa linamaliza betri kwa saa chache. Na gesi kwenye mwendo usiwashe, moto wazi na kituo cha mafuta havikai pamoja. Halafu lazima likae sawasawa, likiinama muda mrefu halipoi. Kwenye kilima chetu na makorongo yale, mimi nisingelinunua.

Haya, tufike kwenye waya, maana hapa ndipo mafundi wetu wengi wanachemsha.

Gari likiwaka, oltaneta inatoa volti 13.8 mpaka 14.4. Friji liko nyuma kwenye bodi au kwenye tela, mita 6 kutoka kwenye betri. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 12 za waya. Fundi akikuwekea waya wa 1.5, ule wa taa za nyumbani, ukinzani wake kwa urefu huo ni kama omu 0.14. Friji la kompresa la ampea 5 linapoteza volti 0.7 njiani. Sio nyingi, lakini betri ikiwa imeshuka kidogo, zile 0.7 zinatosha kulidanganya friji kwamba betri imekwisha, likajizima lenyewe. Unafika, unafungua, unakuta maji. Kisha unalaumu friji.

Kwa lile la moto ni mbaya zaidi. Kwa ampea 12 waya huo unameza volti 1.7, na kwa kuwa joto la hita linafuata volti mara volti, unapoteza kama robo ya nguvu yake. Ukiweka waya wa 6, upotevu unashuka kuwa volti 0.4 kwa lile la moto na chini ya 0.2 kwa la kompresa. Waya mnene ni ghali, najua. Samaki walioharibika ni ghali kuliko huo waya.

Kuna jamaa yangu mmoja alichomeka friji lake kwenye tundu la kuwashia sigara, akatoka Mtwara saa nne asubuhi. Alipofika Nanyamba plagi ilikuwa imelegea kwa mtikisiko na friji lilikuwa limezima zamani. Ile barabara ya Mtwara, Newala mpaka Masasi ni kilometa 210, na kipande cha kilometa 50 mpaka Mnivata ndicho kilichotangulia kupata lami. Ukitoka hapo kila kilicholegea kinang'oka. Lile tundu limetengenezwa kwa ajili ya sigara. Vuta waya wako mwenyewe moja kwa moja kutoka kwenye betri, weka fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri, na huko nyuma tumia soketi inayojifunga. Na waya wa hasi nao uvute mpaka kwenye betri. Usitegemee bodi, na kama una tela usitegemee kabisa ile nati ya kuvutia, kutu na vumbi vinakata umeme bila kukuaga. Hata ile plagi ya taa za tela waya zake ni nyembamba, ziachie taa.

Injini ikizimwa je? Siku ya mnada gari linaweza kusimama saa sita. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza, friji lizimwe na barafu ifanye kazi. Ya pili, ufunge betri ya pili ya friji peke yake, katikati kukiwa na rilei inayoziunganisha betri mbili gari likiwaka tu na kuzitenganisha likizimwa. Betri ya pili ikifa, ile ya kuwashia gari bado nzima. Ya ampea-saa 60 ukitumia nusu yake, kwa wastani wa ampea mbili na nusu unapata saa 12. Jua likiwa kali na watu wakifungua mfuniko kila dakika, hesabu saa 6. Magari mapya yenye oltaneta inayopunguza volti yenyewe kusudi ibane mafuta hayaendi na rilei, yanataka kifaa maalumu cha kuchaji betri ya pili. Kirikuu nyingi za huku hazina mambo hayo.

Sola ya wati 100 juu ya paa inasaidia. Kwa siku nzuri itakupa wati-saa 300 mpaka 400. Friji la kompresa kwa siku nzima linataka kama 720, kwa hiyo paneli moja ni nusu ya mzigo.

Kuhusu inveta na friji la nyumbani, nitasema kwa kifupi: friji la wati 100 likianza kuzunguka linavuta mara kadhaa ya hizo wati kwa sekunde chache, na inveta ndogo ya wati 300 inalia na kuzima. Hata ikikubali, unapoteza tena umeme ndani ya inveta yenyewe. Kwa biashara ya njiani sioni faida.

Kwa nini nakomaa hivi? Kwa sababu ya samaki. Jodari na vibua wakikaa kwenye joto, bakteria wanatengeneza kemikali inaitwa histamini. Mlaji anawasha mwili, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, wengine wanatapika. Na histamini haiondoki kwa kupika wala kukaanga. Samaki anaweza asinuke kabisa. Salama yake ni kukaa karibu na nyuzi sifuri tangu anatoka kwenye maji, na hakuna kinachoshika sifuri vizuri kama barafu inayoyeyuka ikiwa imemzunguka pande zote. Kwa hiyo hata ukiwa na friji la kompresa, mpange samaki ndani ya barafu, friji kazi yake iwe kuzuia barafu isiishe.

Anayeona barafu ni ushamba awaangalie manesi wetu wanapokwenda vijijini kuchanja watoto. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Wanapanda pikipiki na kidumu chenye vifuko vya barafu, hakuna waya hata mmoja. Tena hawaweki barafu ngumu iliyotoka kwenye friza moja kwa moja, kwa sababu chanjo nyingine zikiganda zinaharibika. Wanaiacha kwanza nje, wanaitikisa mpaka wasikie maji yanacheza ndani, ndipo wanapakia.

Basi mwenye guta asahau friji, betri yake ni ndogo mno. Nunua deli zuri lenye kuta nene na mfuniko unaobana, barafu ichukulie Mtwara maana huku juu maji yenyewe mnayajua, weka kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, funika na turubai jeupe, toboa tundu chini maji yatoke. Mwenye kirikuu na mtaji kidogo, kifriji cha kompresa, waya wa 6, fyuzi, betri ya pili na rilei.

Na kama kuna mdau ameshafunga betri ya pili pale Masasi au Newala, atupie hapo chini kwenye maoni fundi alimtoza shilingi ngapi na waya alinunua bei gani kwa mita, maana bei nilizotajiwa mimi zinapishana sana.