Horohoro hadi Amani: Pango, Mto na Ua

Msafiri anayetoka Kenya, akishagongewa muhuri pale Horohoro, huwa na pupa ya kufika Tanga. Lami ni nzuri, nchi ni tambarare. Upande wake wa kulia, kukiwa hakuna ukungu, huuona mgongo wa Usambara Mashariki, kisha huusahau. Waandishi wa vitabu vya utalii nao huyatenga mapango ya Amboni na milima ile kana kwamba hayajuani. Mimi nayaona ni mambo ya ukoo mmoja.

Upepo wa Bahari ya Hindi hufika milimani umebeba unyevu, hupanda, hupoa, hunyesha. Amani, juu ya milima hiyo, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Maji hayo huteremka na mto Zigi, ambao bwawa lake la Mabayani ndilo linalowanywesha watu wa Tanga. Huku chini, mawe ya Amboni ni chokaa iliyojilimbikiza baharini zama za Jura, miaka kama milioni 150 iliyopita. Maji ya mvua yana tindikali kidogo. Yakipenya kwenye nyufa huila chokaa polepole, na mapango ndiyo mabaki ya mlo huo.

Ndani, mwongozaji hutangulia na tochi. Popo hulia juu, na sakafuni kuna mahali watu waliokuja kutambika wameacha marashi na vitambaa. Utasimuliwa kwamba njia ya chini kwa chini inatokea Mombasa. Hadithi tamu, ila watafiti waliopima mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja.

Lakini kivutio ninachokipenda zaidi hakitoshi kujaza kiganja. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, aliokota mmea mdogo wenye majani ya manyoya laini na maua ya zambarau. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland aliupa jina la Saintpaulia, na leo unapamba madirisha ya Ulaya na Marekani. Mmea huo ulipatikana kwenye nyufa za chokaa karibu na Tanga, na pia kwenye miamba ya msitu wa Usambara. Unataka kivuli na unyevu tu. Jiwe la aina gani, haujali sana. Msitu ukikatwa, jua huukausha mmea huo.

Wajerumani hao hao walianzisha bustani ya mimea ya Amani mwaka 1902, wakajaribu miti ya kila bara, mkwinini ukiwemo. Baadhi ya miti hiyo ya kigeni imekimbilia msituni na sasa inausumbua. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997.

Kwa mpangilio, anza na Amboni asubuhi, ulale Muheza, kisha upande Amani kesho yake. Wakati wa masika barabara ya mlimani huteleza vibaya, basi chagua gari lenye nguvu na dereva asiye na haraka.