Mtaka cha Mvunguni Sharti Ainame: Mwalimu na Kompyuta Darasani

Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi, Marehemu Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo kwa watoto wote wa Zanzibar, bila ya kujali rangi, kabila wala dini. Kwa tangazo hilo mlango wa skuli ulifunguliwa kwa mtoto wa mkulima wa karafuu na mtoto wa mvuvi, ambao wazee wao walikuwa wakiupita mlango huo wakiuona umefungwa. Leo tumesimama mbele ya mlango mwingine, nao ni mlango wa kompyuta, projekta na intaneti. Suali la makala haya ni jepesi kulitamka, lakini si jepesi kulijibu: mlango huu utafunguliwa na nani, ikiwa mwalimu mwenyewe hajui ufunguo wake unavyozungushwa?

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika skuli moja ya kisiwani Pemba. Nimekwishavuka miaka arobaini. Nilianza chuoni kwa alifu na be, nikaingia skuli ya Serikali, na nikarudi katika skuli ya Serikali nikiwa mwalimu. Ni mwanachama wa Chama, na nimepata kushika dhamana ndogondogo katika tawi letu. Wala siandiki kwa kuwa ni mtaalamu wa vyombo hivi. Naandika kwa sababu nimekosea, na wakubwa zetu katika Chama walitufundisha kwamba kujikosoa mbele ya wenzako si aibu, bali aibu ni kulificha kosa mpaka likamdhuru asiyehusika.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Skuli yetu ilipoletewa kompyuta, nilikuwa mmoja wa walimu walioitwa katika semina ya siku mbili. Siku ya kwanza ilikwisha kwa hotuba za ufunguzi na kwa kujifunza kuwasha na kuzima. Siku ya pili tulionyeshwa mambo mengi kwa haraka, tukapewa vyeti, tukarejea makwetu. Mbele ya wanafunzi na wazee nikahesabika kuwa ni mjuzi. Na mimi, kwa udhaifu wa kibinadamu, sikukanusha.

Muhula ulipomalizika nikaamua kuandika alama za mtihani wa hisabati katika programu ya majedwali, badala ya daftari langu la miaka yote. Wanafunzi walikuwa 118 wa madarasa mawili. Niliandika majina katika safu moja na alama katika safu ya pili, kazi iliyonichukua jioni tatu. Jioni ya nne nilitaka kuzipanga alama kutoka ya juu hadi ya chini, ili nijue nani wa kwanza na nani wa mwisho. Nikaichagua safu ya alama, nikabonyeza. Mashine ikaniuliza suali kwa Kiingereza, suali ambalo sikulisoma vizuri kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuwahi sala ya Magharibi. Nikachagua jibu moja kati ya mawili, alama zikajipanga vizuri kama askari wa gwaride, nikahifadhi na kuifunga.

Nililolifanya ni kwamba alama zilipangwa upya lakini majina yalibaki pale pale. Kila mtoto akapata alama ya mwenziwe. Karatasi za matokeo zikachapishwa, zikatiwa muhuri, zikapelekwa majumbani.

Siku ya tatu alikuja skuli mzee mmoja, mvuvi, amemshika mkono binti yake. Alisalimia kwa adabu, akakaa, kisha akasema maneno ambayo sitayasahau. "Mwalimu, huyu tulikuwa tukimnunulia madaftari kwa kuwa mlituambia ana akili. Sasa karatasi yenu inasema ana 34. Mimi sina ugomvi na mtu. Nimekuja kumuaga, atakaa nyumbani amsaidie mama yake." Binti hakusema neno. Alikuwa akitazama chini, na mkononi ameshika karatasi yake ya mtihani niliyoisahihisha kwa mkono wangu mwenyewe. Juu ya karatasi ile, kwa wino mwekundu, palikuwa na 81.

Naomba msomaji azingatie jambo hili. Laiti karatasi ile ingekuwa imetupwa, au laiti binti yule angekuwa ni mwenye kuona haya zaidi ya alivyokuwa, masomo yake yangekwisha siku ile, na pasingekuwa na mtu duniani wa kujua kwamba aliyemtoa skuli ni kidole changu mimi. Na kwa upande mwengine, walikuwapo vijana waliopongezwa na hata kununuliwa nguo kwa alama zisizo zao. Ilinilazimu nirudie karatasi zote 118, niwaite wazee, nisimame mbele yao na kusema: nimekosea. Yule mvuvi alikuwa wa mwanzo kunipa mkono.

Baada ya hapo nilikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ni kuilaumu mashine na kurudi moja kwa moja kwenye daftari, na wako wenzangu waliofanya hivyo, wakalala usingizi. Njia ya pili ilikuwa ni kujifunza. Katika skuli yetu alikuwapo mwalimu kijana, mwanamke, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha alipokuwa kidato cha pili. Nikamwendea. Akaniamkia kama kawaida, "Shikamoo Mwalimu," nami nikamwitikia, kisha nikamwambia: "Mwanangu, leo mimi ndiye mwanafunzi." Akatabasamu. Tulipoifungua kompyuta akaniambia kwa upole: "Mwalimu, hii haikukosea. Imefanya ulichoiamrisha."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa muda wa miezi minne, kila Jumatatu na Jumatano baada ya sala ya Alasiri, niliinama. Na katika kuinama huko nilikumbuka chuo nilichosoma utotoni. Pale chuoni mwalimu hakuweza kumshughulikia kila mtoto peke yake, kwa hiyo aliyetangulia, tuliyemwita khalifa, alimshika mkono aliyekuja nyuma. Hakuna aliyehamishwa sura kabla ya kuisoma ile aliyonayo, na wala hapakuwa na cheti cha siku mbili. Hata neno lenyewe la kompyuta lilinirudisha huko. Kijana yule alipokuwa akinisisitiza "hifadhi, Mwalimu, hifadhi", nilicheka. Wakubwa zetu waliandika somo juu ya ubao, na likishahifadhiwa moyoni ubao ulioshwa kwa maji ili kuandikwa jengine. Anayeosha ubao kabla ya kuhifadhi amepoteza. Kompyuta nayo ina hukumu hiyo hiyo, na umeme ukikatika ndio maji ya kuoshea.

Katika kujifunza huko niligundua pia kwamba lugha ni nusu ya kazi. Suali nililolijibu ovyo lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza cha ufundi. Yafaa tukumbuke kwamba mwezi wa Disemba 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili, zilizopewa jina la Jambo OpenOffice. Kwa hiyo hoja ya kwamba Kiswahili hakiwezi kuibeba elimu hii ilikwishajibiwa kwa vitendo zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Maneno kama faili, kibodi, kipanya na kuhifadhi yamo vinywani mwa watoto wetu. Kilichopungua ni sisi kuyatumia na kuyadai.

Sasa nieleze manufaa, kwani asije mtu akadhani naandika kukitisha chombo hiki. Ipo programu ya hisabati iitwayo GeoGebra, ambayo haiuzwi, na ambayo ikishawekwa katika kompyuta haihitaji intaneti. Kwa chaki, katika kipindi cha dakika arobaini, huweza kuchora grafu tatu au nne za mlingano wa daraja la pili, na mkono wa mwalimu unapochoka mistari nayo hupinda. Kwa programu hii unaibadilisha namba moja tu, na grafu nzima husogea mbele ya macho ya wanafunzi: hupanuka, hubana, hupinduka juu chini. Jambo nililokuwa nikilieleza kwa maneno kwa miaka kumi na mitano lilionekana kwa nukta chache.

Lakini hapa pia palikuwa na mtego. Somo la kwanza la namna hiyo wanafunzi walilishangilia kama sinema. Wiki iliyofuata nikawapa jaribio, na wengi hawakuweza kuchora hata grafu moja kwa mkono. Walikuwa wametazama, hawakujifunza. Nikabadilisha utaratibu. Siku hizi kila mwanafunzi huchora kwanza katika daftari lake grafu anayodhani itatokea namba ikibadilishwa, humwonyesha jirani yake, wakabishana, na baada ya hapo ndipo mashine huwashwa kuwa hakimu. Kifaa ni kimoja na darasa lina zaidi ya watoto sitini, lakini kwa utaratibu huu kila kichwa kinafanya kazi.

Wala hili si jipya katika visiwa vyetu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwaka 1974, wakati ambapo ndugu zetu wa Bara walisubiri hadi muongo wa 1990. Na katika muongo wa 2000 watoto wetu wadogo walifundishwa kwa redio katika vipindi vya Tucheze Tujifunze, ambavyo sauti ya redioni iliuliza, ikanyamaza, na kumwachia mtoto nafasi ya kujibu. Funzo tunalolipata ni hilo hilo: chombo hufundisha pale tu kinapomfanya mtoto atende, na hukosa maana pale kinapomfanya akae kimya na kushangaa.

Baada ya maelezo hayo, naomba niwageukie viongozi wetu, kwa heshima lakini bila ya kuficha.

Kwanza, mafunzo ya walimu. Semina ya siku mbili haimfundishi mtu chombo, kama vile siku mbili hazimfundishi mtu kuendesha ngalawa. Tunavyo vituo vya walimu Unguja na Pemba. Ingefaa mafunzo yawe ya kila wiki katika vituo hivyo na ndani ya skuli zenyewe, na mwalimu kijana anayejua apunguziwe vipindi ili awe khalifa wa wenzake. Nasi wakubwa tuondoe kibri. Cheo hakiwashi kompyuta.

Pili, matengenezo. Kisiwa cha Pemba kiliunganishwa na umeme wa Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010, na hiyo ni hatua kubwa kwa sisi tuliokuwa tukitegemea majenereta ya Wesha. Lakini wenzetu wa Unguja hawajasahau Mei 2008, waliokaa gizani kwa muda wa takriban mwezi mmoja, wala miezi mitatu hivi iliyoanzia Disemba 2009. Kisiwa chochote chenye hewa ya chumvi na umeme wa kutoka mbali hakina budi kuwa na fungu la matengenezo na fundi aliye karibu. Kununua bila ya kutunza ni kutia maji katika pakacha.

Tatu, vifaa vitumike. Nimewahi kuingia katika skuli moja nikakuta kompyuta zimefungiwa ghalani, zimefunikwa nailoni, na ufunguo uko kwa mtu mmoja. Nilipouliza nikajibiwa kwamba zinatolewa wakija wageni, kwa kuogopa zisiharibike. Ndugu zangu, kompyuta hufa kwa uzee hata kama haikuguswa. Ni heri iharibike mikononi mwa watoto kuliko izeeke mikononi mwa kufuli.

Nne, amana. Alama za mtoto, jina lake na picha yake ni amana mikononi mwa mwalimu. Siku hizi tunaona matokeo ya darasa zima yakitumwa katika makundi ya simu, na aliyeshindwa akajulikana mtaa mzima kabla hajafika nyumbani kwao. Tusingeubandika msikitini udhaifu wa mtoto wa jirani; basi tusiubandike simuni. Na kila hesabu ya alama iwe na nakala ya karatasi, kwani karatasi moja yenye wino mwekundu ndiyo iliyomwokoa binti wa mvuvi.

Kwa wananchi wenzangu nina neno moja tu. Karatasi ya matokeo inapokuja nyumbani, isomeni pamoja na madaftari ya mtoto. Mkiona visivyolingana, njooni skuli muulize. Kuuliza si ujinga, na mwalimu anayekasirika kwa kuulizwa huyo ndiye anayehitaji kurejeshwa darasani.

Binti yule yuko kidato cha nne hivi sasa. Mwezi uliopita nilikuwa nikipanga alama za darasa lake mbele ya projekta, ili wanafunzi wajifunze kazi ya majedwali kwa mfano wa alama nilizozibuni. Nilipoichagua safu moja, alinyanyua mkono na kusema: "Mwalimu, chagua na majina." Darasa likacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Kisha nikachagua na majina.